Niloki adui au niachie? Jibu kwa mchezaji anayepotezwa na kamera katikati ya pambano

"Shikamoo kaka. Nina miaka 20, nipo Tanga, nacheza Elden Ring kwenye PS5 mwaka wa pili sasa. Uwanjani mmoja kwa mmoja nashinda na kushindwa, si haba. Tukiingia watatu kwa watatu nakuwa kama kipofu: naloki mmoja, kamera inarukia mwingine, upanga wangu unakata hewa, halafu napigwa mgongoni na mtu ambaye hata sikumwona. Binamu yangu anachezea kompyuta kwa panya na kibodi, anasema kuloki ni kwa watoto, mchezaji wa kweli haloki kabisa. Nimejaribu wiki mbili bila kuloki, nimekuwa mbovu zaidi, na kidole gumba cha kulia kinauma mpaka kwenye kifundo cha mkono. Niache kuloki moja kwa moja? Au tatizo ni mtandao? Au mimi tu sina kipaji?"

Marahaba mdogo wangu. Nimelisoma swali lako mara tatu, maana ndani yake yamo maswali kadhaa na kila moja lina jibu lake. Nianze na la mwisho, kwa sababu ndilo linalokukatisha tamaa. Kipaji hakihusiki hapa. Uliyoeleza nimeyaona kwa karibu kila mchezaji niliyekaa naye alipohama kutoka pambano la wawili kwenda pambano la wengi. Mikono yako imejifunza vizuri kitu kimoja, na sasa unaidai kitu kingine kwa mazoea yaleyale. Kuhusu kuloki, yaani kuifunga kamera kwa adui mmoja, usiache. Kinachokukosesha ushindi ni kwamba ukishaloki huachii mpaka mtu afe, awe yeye au wewe.

Na kabla hatujaenda mbali: hicho kidole kinachouma kipumzishe kuanzia leo. Nitalirudia chini, ila usisubiri ufike huko.

Wengi wanadhani ukibonyeza R3, yaani kijiti cha kulia cha pedi, na kile kidoa kikatokea kwenye mwili wa adui, umepata msaada wa kulenga, basi. Kumbe umekabidhi kazi tatu kwa mara moja. Ya kwanza ni kamera: haikusikilizi tena wewe, inamfuata yeye. Ya pili ni uso wa mhusika wako: atamgeukia adui huyo hata ukitembea kinyumenyume. Ya tatu watu hawaioni kabisa, nayo ni maana ya kijiti cha kushoto. Ukiwa hujaloki, ukisukuma kijiti kushoto mhusika anakwenda kushoto kwa skrini. Ukiloki, kushoto inakuwa kumzunguka adui, kama mbuzi aliyefungwa kwenye mti anavyouzunguka mti wake. Katika Dark Souls ya mwaka 2011 kamba ilikuwa fupi zaidi: ukiwa umeloki, mhusika alibingiria pande nne tu, mbele, nyuma, kushoto na kulia, ukiachia, alibingiria upande wowote. Michezo iliyofuata ya FromSoftware, watengenezaji wa Dark Souls na Elden Ring, ililegeza hilo. Usemi wa binamu yako kwamba mchezaji wa kweli haloki una mizizi mirefu katika enzi ile, wakati kuachia kulikuwa ndiyo njia pekee ya kukwepa mshazari.

Sasa nikueleze kuloki kulikotoka, maana ukijua kulizaliwa wapi utaelewa kwa nini kunakusaliti mkiwa sita. Sura tunayoijua leo ilitokana na The Legend of Zelda: Ocarina of Time ya Nintendo 64, mwaka 1998. Watengenezaji walikuwa na shida kubwa: dunia imekuwa ya pande tatu, mchezaji anampita adui, anageuka, hamwoni tena. Toru Osawa na Yoshiaki Koizumi walisimulia baadaye kwamba walikwenda kutembea kwenye kijiji cha sinema cha Toei mjini Kyoto, na kwa kuwa joto lilikuwa kali wakaingia kwenye ukumbi wa maonyesho. Humo wakamtazama samurai akipambana na kundi la ninja. Ninja mmoja akarusha mundu wenye mnyororo, mnyororo ukakazika baina yake na samurai, na akawa anamzunguka huku ule mnyororo ukiwaunganisha. Hapo ndipo wazo la kumfunga mchezaji kwa adui mmoja lilipokuja. Waliona na jambo la pili: wakati mmoja anashambulia, wenzake wanasubiri. Hata hilo wakaliingiza kwenye mchezo. Ukimfunga mmoja, wengine wanapewa amri ya kuvuta subira.

Aliyewahi kutazama kirumbizi Lamu hahitaji kuelezwa zaidi. Wawili wanaingia kati na fimbo zao, ngoma na zumari vinalia, macho ya kila mmoja yako kwa mwenzake, na duara zima limesimama linangoja zamu. Mchezaji wa kirumbizi anaweza kumpa mpinzani wake macho yote mawili kwa sababu anajua hakuna atakayemchapa kisogoni. Kuloki kumejengwa juu ya uaminifu wa namna hiyo.

Kwenye viwanja vya Elden Ring, vilivyofunguliwa kwa sasisho la bure Desemba 2022, uaminifu huo upo kwenye pambano la wawili peke yake. Ndiyo maana huko unajimudu. Mkiingia watatu kwa watatu hakuna anayengoja zamu. Zaidi ya hapo, kuloki kunakutangaza. Mhusika wako anamkodolea macho mtu mmoja, anatembea kwa kumzunguka, na wachezaji wazoefu wa upande wa pili wanajua bila kuambiwa mgongo wako uko wapi. Mbinu yao ni rahisi: uliyemloki anarudi nyuma polepole kama chambo, wewe unamfuata, mwenzake anapita pembeni ambako kamera yako haifiki. Huyo uliyesema hukumwona hakujificha. Alitembea tu nje ya skrini uliyoikabidhi kwa mtu mwingine.

Kamera kuruka nako kuna sababu. Ukiwa umeloki, kijiti cha kulia hakizungushi tena kamera, kinahamisha loki kutoka adui mmoja kwenda mwingine. Wewe umesikia hatua nyuma, kidole kimesukuma kijiti kwa mazoea ili utazame, na mchezo umeelewa kwamba unataka adui mwingine. Unampata yule wa kulia aliye mbali, wakati aliyekuwa mbele yako tayari ameinua nyundo. Mshika mbili moja humponyoka, na kijiti hiki kimoja kimeshikishwa mbili. Ongeza hili: mashine inapochagua wa kumloki, hutazama zaidi aliye karibu na katikati ya skrini, na umbali wake. Haijui nani ni hatari kwako. Haijui kwamba yule wa kushoto amebakiwa na tone la uhai na huyu wa kati bado ana uhai wote. Na ukibonyeza R3 wakati hakuna wa kulokiwa mbele yako, kamera inarudi kutazama kule mhusika alikoelekea, hata kama ni ukutani. Wachezaji wengi wamepoteza pambano katika nusu sekunde hiyo.

Tuje kwenye upanga unaokata hewa, maana hapa ndipo ninapotaka ukae kidogo. Kila pigo lina hatua tatu: kuinua, kukata, na kurudi. Wakati wa kuinua, mhusika aliyeloki anaendelea kujigeuza kumfuata adui. Kabla ya kukata, mlango huo unafungwa: pigo litakwenda lilikokwisha kuelekezwa. Silaha nzito kama upanga mkubwa wa mikono miwili inainuliwa kwa muda mrefu, kwa hiyo mpinzani ana nafasi ya kuhesabu. Anangoja mlango ufungwe, anabingiria kupita ubavuni kwako, na wewe unafagia pale alipokuwa. Hujakosea kulenga. Umelengewa na mashine, na mpinzani wako anaijua mashine hiyo kuliko unavyoijua wewe.

Ukiwa hujaloki, mwelekeo wa pigo unatoka kwenye kijiti cha kushoto. Hapo unaweza kupiga mahali ambapo hakuna mtu, ila atakuwepo. Mtu mwenye tabia ya kubingiria kulia kwake kila akishtushwa, mpige kulia kwake. Unaweza pia kupiga nyuma yako bila kuigeuza kamera: unakimbia, mtu anakufukuza, unarudisha kijiti nyuma na kubonyeza R1, kitufe cha kupigia, kwa pamoja, na upanga unampokea. Pigo hilo linaumiza sana kwa sababu anayekufukuza anaamini mgongo wako ni salama kwake. Katika Dark Souls wachezaji walifika mbali zaidi, wakawa wanaachia loki na kuupinda mwili kidogo ili ncha ya silaha imguse adui kwa upande wa nyuma wa ngao yake, na mchezo ukahesabu kwamba ngao haikuzuia kitu. Kwa hiyo nusu ya maneno ya binamu yako ni ya kweli kabisa: mambo haya hayafanyiki ukiwa umeloki.

Nusu nyingine ndiyo iliyokutesa wiki mbili. Kuachia kuna gharama, na gharama kubwa ni uso wa mhusika. Ngao hulinda mbele tu. Ukiwa hujaloki ukarudi nyuma, mhusika anageuka mzima na kumpa adui mgongo, ngao ikiwa imeelekea kwenye uwanja mtupu. Mikuki na panga nyembamba za kuchoma nazo hazisamehe: upanga mpana unaofagia unaweza kukosea pembe kidogo na bado ukagusa, mkuki ukikosea kidogo umekosea wote. Uchawi ndio kabisa. Mwingi katika ule unaomfuata adui humfuata ukiwa umeloki. Usipoloki unaruka moja kwa moja kama jiwe la kombeo. Mtu anayekwambia usiloki kamwe amesahau kukuuliza umeshika silaha gani.

Na amesahau ameshika nini yeye. Binamu yako ana panya. Mkono wake wa kulia wote unageuza kamera, vidole viwili vimekaa juu ya vitufe vya kupigia, na mkono wa kushoto unatembea. Wewe unageuza kamera kwa kidole gumba kilekile kinachobonyeza kitufe cha kukwepa na cha kuruka. FromSoftware waliweka mapigo kwenye R1 na R2 ili angalau kidole gumba kisilazimike kuacha kijiti kila unapopiga, lakini kukwepa bado kunakihitaji. Kuloki kulitengenezwa kwa ajili ya mikono kama yako, inayoshika pedi. Na kuna watu wenye mkono mmoja, au vidole visivyo na nguvu, ambao bila kuloki mchezo mzima ungefungwa kwao. Sitaki kumsikia mtu akiita hilo jambo la kitoto.

Si kila mchezo umelitatua jambo hili kwa njia moja, na ukizijua njia nyingine utaielewa vizuri zaidi hii yako. For Honor ya Ubisoft, iliyotoka Februari 2017, imeifanya loki kuwa moyo wa pambano lenyewe. Ukimfunga adui, silaha yako inakuwa na mikao mitatu, juu, kushoto na kulia, na unazuia pigo kwa kuuweka mkao wako upande linakotokea. Lakini watengenezaji walijiuliza swali ulilouliza wewe: akija wa pili je? Wakaruhusu uzuie pigo la mtu usiyemfunga kwa kuusukuma ulinzi wako kuelekea upande aliosimama. Wakaongeza pia nguvu ya kisasi inayojaa kadiri unavyoshambuliwa na wengi, ili aliyezungukwa apate mlango wa kutokea. Mordhau ya mwaka 2019 na Chivalry 2 ya mwaka 2021 zikaenda upande wa pili kabisa. Huko hakuna kumfunga mtu. Upanga unafuata macho yako, na ukigeuza macho kuelekea adui katikati ya pigo, ubapa unamfikia mapema. Ukiyageuza kumkwepa, unachelewa na kumkuta ameshashusha ulinzi. Ilibidi Mordhau iweke kikomo cha kasi ya kugeuka wakati wa pigo, la sivyo watu wangezunguka kama pia. Elden Ring imekaa katikati ya hawa wawili. Imekupa loki ya Kyoto na mkono huru wa upanga, ikakuachia wewe uamue lini utumie upi.

Umeuliza kuhusu mtandao. Ndiyo, una sehemu yake, ila ni ndogo kuliko unavyodhani. Katika mapambano ya Elden Ring mashine za wachezaji huunganishwa zenyewe kwa zenyewe, na kwa kawaida mashine ya anayepiga ndiyo inayoamua kama pigo limegusa. Chukua mpinzani aliyeko Frankfurt. Kutoka kwetu mpaka huko kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 7,000. Mwanga ndani ya nyaya za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi peke yake ni milisekunde 70, na nyaya za baharini haziendi kwa mstari ulionyooka. Tuseme habari inachelewa sehemu ya kumi ya sekunde. Mtu anayekimbia mita sita kwa sekunde amekwishasogea sentimita 60 kutoka unapomwona. Loki yako imefungwa kwenye kivuli chake. Ndiyo maana mtu unayemwona mbele yako anaweza kukuchoma mgongoni: kwenye skrini yake alikwishafika nyuma. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na fimbo iliyolenga alipokuwa nyoka haimuui pia.

Njia ya kujua kama mtandao ndio adui yako ni hii. Mwombe rafiki aliye Tanga hapohapo au Dar es Salaam, wekeni nenosiri la pamoja, mkutane uwanjani. Ikiwa unakosa vilevile mkiwa karibu, mtandao hauna kesi. Ikiwa unapata kwa rafiki na kukosa kwa wageni, basi unganisha PS5 kwa waya badala ya Wi-Fi, na usicheze kwa bando la simu wakati watu nyumbani wanatazama video. Lipo pia chaguo la kukataa kukutanishwa na wachezaji wa kanda za mbali. Ukilitumia unaweza kungoja muda mrefu, kwa sababu huku kwetu hatuko wengi, kwa hiyo lijaribu saa za jioni ndipo uamue.

Sasa tufanye nini. Kwa mapambano ya watatu kwa watatu ningekushauri uanze ukiwa hujaloki. Ingia ukitembea, kamera iwe yako, uwaone wote sita. Loki wakati wa kuingia kwenye pambano na mtu mmoja aliye peke yake, au unapotaka kurudi nyuma ngao ikiwa mbele, au unaporusha uchawi. Achia mara tu anapoanza kubingiria, au unaposikia hatua usizoziona. Katika dakika moja ya pambano utaloki na kuachia mara nyingi, na mwanzoni itakuchanganya. Huko mmoja kwa mmoja endelea na loki kama kawaida yako, ila kila pambano jilazimishe pigo moja tu la mkono huru. Moja linatosha. Wiki mbili zako zilishindikana kwa sababu ulibadilisha kila kitu siku moja, ukaingia vitani na mikono ya kuazima.

Mazoezi yasiwe vitani. Tafuta nguzo au mti mahali pasipo na adui. Uzunguke bila kuloki, kijiti cha kushoto kinatembea, cha kulia kinahakikisha mti haubanduki katikati ya skrini. Unaifanya kwa mkono wako kazi ambayo loki hukufanyia. Ukiweza kuuzunguka kulia na kushoto bila mti kutoka katikati, kimbia. Kisha mwombe yule rafiki asimame tu. Mpite, na ukishampita mpige kwa kurudisha kijiti nyuma, bila kugeuza kamera. Baadaye aanze kutembea, halafu abingirie apendavyo. Dakika 10 kwa siku zinatosha, na kwa hali ya kidole chako usianze kabla hakijatulia.

Kwenye mipangilio kuna mambo matatu nisingeyaacha. Lipo chaguo linaloirusha loki kwa adui mwingine pale uliyemloki anapokufa: lizime, maana kwenye kundi ndilo linalokugeuza kichwa bila ruhusa yako. Kasi ya kamera ipandishe ngazi moja au mbili, siyo zaidi, uizoee siku chache kabla ya kuongeza. La tatu ni kwa ajili ya kidole: badilisha kitufe cha kuloki. Ndani ya mchezo, au kwenye mipangilio ya ufikivu ya PS5 yenyewe, unaweza kuhamishia kuloki kwenye L3, yaani kijiti cha kushoto, na kuchutama kwenye R3. Kidole gumba cha kushoto kitasaidia mzigo. Siku tatu za kwanza utachutama mbele za watu bila kutaka, halafu mikono itazoea.

Na pedi yenyewe ikague. Iweke mezani mchezo ukiwa umewashwa, usiiguse. Kamera ikisogea yenyewe, hata polepole, kijiti cha kulia kimechakaa kwa ndani, na kijiti kilichochakaa huhamisha loki bila wewe kukigusa. Kuna kijana niliwahi kumfundisha karibu wiki mbili kutosukuma kijiti, nikimsahihisha kila jioni, mpaka siku moja nilipoishika pedi yake mwenyewe nikaona loki inaruka mikononi mwangu. Niliumia kwa muda aliopoteza akijilaumu. Tangu siku hiyo naanza na pedi. Kama yako iko hivyo, mpelekee fundi anayefungua pedi. Kusafisha husaidia wakati mwingine, na kama kihisio kimekwisha atakibadilisha.

Kidole sasa. Maumivu ya kidole gumba yanayoshuka mpaka kwenye kifundo cha mkono, kwa mtu anayebonyeza na kusukuma kijiti saa nyingi, mara kwa mara ni kano zilizovimba ndani ya njia yake nyembamba. Madaktari wana jina lake, ugonjwa wa De Quervain, lakini maumivu ya mahali hapo yana sababu nyingine pia, na mimi siwezi kuujua mkono wako kwa kusoma barua. Acha kucheza kwa siku kadhaa, na hata simu usiiandikie kwa kidole hicho. Ukirudi, cheza nusu saa kisha pumzika, na usiishike pedi kwa kuikunja mikono ili kidole cha shahada kifikie vitufe vya kukwepa na kuruka, mtindo ambao umeenea na unaichosha mikono sana. Maumivu yakizidi wiki mbili hata baada ya kupumzika, au ukiona uvimbe, ganzi, au unashindwa kushika kikombe vizuri, nenda hospitali ukaonwe, na uliza kama kuna mtaalamu wa fiziotherapia. Ukienda, sema wazi kwamba unacheza gemu na kwa saa ngapi kwa siku. Vijana wengi wanaona haya kulisema, wakapewa dawa ya maumivu tu na kurudi kwenye kijiti kilekile.

Msaada mwingine wa ana kwa ana unao nyumbani. Mwite binamu yako akae pembeni yako mapambano matano, asitoe ushauri wowote. Kazi yake iwe kutazama skrini, na kila unapopigwa na mtu aliyekuwa nje ya skrini aseme "nje", na kila unapopigwa na uliyemloki aseme "ndani". Andikeni hesabu. "Nje" zikiwa nyingi, tatizo ni kuchelewa kuachia, na zoezi la mti ndilo lako. "Ndani" zikiwa nyingi, rudi kwenye zile hatua tatu za pigo, uangalie unabonyeza R1 wakati gani. Niletee hesabu hiyo pamoja na jina la silaha yako na kama unabeba ngao, nitakueleza tuanzie wapi.